Gramu Kumi na Nane

Jumatano. Soko la wanawake limefungwa saa sita,
nimeuza shela mbili, ubani kidogo, kofia hata moja.
Miguu inawaka. Rayya akasema, twende kwa Azzan,
yule mjukuu wa jirani aliyeacha kazi ya benki
akafungua duka la kahawa.

Duka la kahawa! Nikacheka.
Ibra hii, nani anunuaye kahawa?
Bisha hodi mlango wowote, hata wa adui yako,
utamiminiwa, na tende juu,
mpaka utikise finjani useme basi.

Lakini tukaingia. Kiyoyozi, kuta za udongo kaziacha kama zilivyo,
viti vinne, na ubao wa bei.
Nikausoma. Nikavaa miwani, nikausoma tena.
Riali mbili na baisa mia mbili.
Kikombe kimoja.
Kwa Shaji, ng'ambo ya barabara, chai ya maziwa ni baisa mia
na anakuuliza habari za magoti.
Mimi ni mtu wa hesabu: vikombe ishirini na viwili vya Shaji,
na magoti yangu kuulizwa mara ishirini na mbili.

Azzan hakuniona nikihesabu. Alikuwa anapima.
Kaweka buni kwenye mizani ndogo kama ya sonara,
akatoa punje moja. Punje moja!
Akaitazama, akairudisha.
"Gramu kumi na nane," alisema, kwa sauti ya mtu anayetia nia.
Kisha maji, uzi mwembamba wa maji,
mkono ukizunguka, taratibu, duara, duara,
nami nikaujua mkono ule.

Ni wangu, usiku, chini ya taa,
natoboa kitundu, nakizungushia uzi,
kitundu kingine, kitundu kingine,
miezi miwili kofia moja,
halafu Jumatano mwanamume anaishika kwa vidole viwili:
"Arobaini? Za mashine, Maskati, tatu."
Nenda basi Maskati, namwambia kimoyomoyo.
Kwa mdomo nasema thelathini na tano.

Chema chajiuza, walisema wahenga, kibaya chajitembeza.
Wahenga hawakukaa na kofia sokoni Ibra mwezi wa Juni.

Kahawa ikaja kwenye gilasi, bila iliki,
nyepesi kama chai ya mgonjwa.
"Utasikia pichi," alisema Azzan, "na asumini."
Asumini naijua, niliivaa harusini kwangu.
Hii ilikuwa chachu. Rayya akakunja uso, akaomba sukari.
Azzan akaangalia pembeni,
kama mimi mtu anapoikunja kofia akaitia mfukoni.

Sikuomba sukari. Kwa riali mbili
nitakunywa mpaka nijue nimeuziwa nini.
Nusu ya kwanza, hapana kitu.
Ilipopoa, karibu na mwisho, kikapita.
Pichi sijui, lakini kitu,
kama mtu aliyejifukiza udi akakupita njiani,
ukageuka, hayupo.

Ni ghali. Nimesema na sifuti.
Ni nzuri pia. Na hayo mawili hayajapatana mpaka leo.

Nikalipa bila kuomba nipunguziwe. Mimi! Rayya shahidi.
Gilasi nikaitikisa kwa mazoea,
kana kwamba angenijazia tena.

Mlangoni Azzan akauchungulia mfuko wangu.
"Khalti, hiyo ya zambarau, kazi yako? Kaka yangu anaoa."
Akaigeuza, akavitazama vitundu kwa ndani,
upande ambao hautazamwi na mtu.
"Bei gani?"
"Arobaini."
Akajikuna shingo.
"Khalti, punguza kidogo."

Nikamtazama. Akanitazama.
Rayya alikwishaanza kucheka.
"Lete mizani yako," nikamwambia,
"tuanze na kitundu cha kwanza."